Kipande Kimoja Kikikosekana: Mafaili Yasiyokamilika ya Usenet

Faili kubwa linalopakuliwa kutoka vikundi vya habari vya Usenet halishuki likiwa zima. Linashuka vipande vipande, kila kipande kikiwa ujumbe unaojitegemea, wenye kichwa chake, kitambulisho chake na safari yake, na kazi ya kuviunganisha inaachiwa programu iliyo kwenye kompyuta ya mpokeaji. Faili la megabaiti 700, ukubwa wa CD moja, likikatwa katika jumbe za kilobaiti 500 kila mmoja linatoa jumbe 1,400. Zikifika 1,399, mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini kama faili hilo limebanwa kwa mtindo wa ZIP au RAR, ujumbe mmoja uliokosekana unatosha kuizuia programu kulifungua. Mpakuaji anabaki na megabaiti 699 na nusu ambazo hazimfai kwa lolote.

Kasoro hii si ajali inayotokea kwa nadra. Imetokana na jinsi mtandao wenyewe ulivyoundwa, na historia ya kuitibu ni mojawapo ya mifano bora ya hesabu kufanya kazi ambayo mtandao haukuahidi kuifanya.

Usenet ulibuniwa mwishoni mwa 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina nchini Marekani. Steve Bellovin, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, aliandika programu ya kwanza ya kujaribu wazo hilo. Kompyuta za mwanzo zilikuwa tatu, mbili za Duke na moja ya Chapel Hill, zikipigiana simu kwa modemu na kupeana jumbe mpya kwa utaratibu unaoitwa UUCP. Hapakuwa na makao makuu wala daftari kuu. Aliyetaka kujiunga alimtafuta jirani mwenye kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, wakakubaliana kupigiana simu, basi. Mwaka 1986 Brian Kantor na Phil Lapsley walichapisha itifaki ya NNTP iliyouhamishia mtandao huu kwenye intaneti, lakini mwenendo ulibaki uleule: seva moja inaijulisha seva jirani kwamba ina ujumbe wenye kitambulisho fulani, jirani anaangalia kumbukumbu zake, akiona hana, anauomba, anautunza, kisha naye anawatangazia majirani zake.

Kwa namna hiyo ujumbe mmoja uliotumwa Chapel Hill ungeweza kuenea dunia nzima bila mtu yeyote kuusimamia. Seva moja ikizimika, habari zinapita kwingine. Hilo ni jambo la kupendeza, na ndilo lililoufanya Usenet uishi kuliko mitandao mingi ya rika lake. Lakini maana yake pia ni kwamba hakuna anayewajibika kuhakikisha kila ujumbe umefika kila mahali. Kwa mazungumzo, upungufu huo ulivumilika: jibu moja likipotea kati ya hamsini, mjadala unaendelea, na anayelikosa huenda asijue kamwe kwamba lilikuwepo. Faili halina uvumilivu huo.

Kikwazo cha pili kilikuwa lugha ya mtandao. Programu za Usenet zilitengenezwa kubeba maandishi ya Kiingereza yaliyosimbwa kwa biti saba, wakati picha, sauti au programu ya kompyuta hutumia baiti kamili za biti nane. Kupitisha vitu hivyo kulihitaji kwanza kuvigeuza viwe herufi. Chombo kilichotumika kwa miaka mingi ni uuencode, kilichoandikwa na Mary Ann Horton katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1980. Kanuni yake ni nyepesi: baiti tatu zenye jumla ya biti 24 zinagawanywa upya katika mafungu manne ya biti sita, kila fungu linaongezewa 32, na jibu linaandikwa kama herufi. Neno “mtu”, likichukuliwa kama baiti tatu, linatoka likiwa ;71U. Baiti 45 hujaza mstari mmoja wenye herufi 60, na mstari huo hutanguliwa na herufi moja inayotaja urefu wake. Kwa mstari uliojaa herufi hiyo ni M, ndiyo maana aliyefungua ujumbe wa aina hii bila programu ya kuusimbua aliona safu ndefu ya mistari inayoanza kwa M, ukurasa baada ya ukurasa.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Faili lilivimba kwa karibu asilimia 40 kabla hata ya kuondoka. Tena seva nyingi za wakati huo, pamoja na programu za kusomea, zilishindwa kupokea ujumbe unaozidi kilobaiti 64. Mwingine ulikataliwa, mwingine ulikatwa mkia kimyakimya. Hapo ndipo desturi ya kukata mafaili ilipozaliwa. Watumaji wa programu katika vikundi vya comp.sources na comp.binaries walianza kuandika kwenye mada ya ujumbe namba ya kipande na idadi ya vyote, kwa mfano 03/17, na desturi hiyo ikahamia kwenye familia ya alt.binaries ambako mafaili yalizidi kuwa makubwa. Wengi walitanguliza ujumbe wenye namba 0, uliokuwa na maelezo tu: faili ni la nini, limetoka wapi, lina vipande vingapi.

Ikumbukwe kwamba namba hizo ziliandikwa kwa ajili ya macho ya watu. Hakuna sehemu ya itifaki ya Usenet inayojua kwamba jumbe 17 ni viungo vya kitu kimoja. Kwa seva, kila kipande ni ujumbe kama mwingine, sawa na salamu au ubishi kuhusu mpira. Programu za kuunganisha vipande zilibidi zikisie kwa kusoma mada, na zilikosea mara nyingi. Mtumaji mmoja aliandika (1/10), mwingine [01/10], wa tatu akataja kwa maneno. Aliyebadilisha tahajia ya jina la faili katikati ya kazi alilifanya faili moja lionekane kuwa mawili, yote yakiwa na mapengo. Kwa hiyo baadhi ya vipande vilivyodhaniwa kupotea vilikuwepo, vikiwa chini ya mada nyingine.

Vilivyopotea kweli vilipotea kwa sababu kadhaa, na kila sababu huacha alama yake.

Ya kwanza ni muda. Seva haihifadhi ujumbe milele. Diski ikijaa, vya zamani hufutwa kupisha vipya, na kwa kuwa vikundi vya mafaili ndivyo vilivyokula nafasi kubwa, ndivyo vilivyofutwa mapema zaidi. Katika miaka ya 1990, seva ya chuo au ya kampuni ndogo ya intaneti ingeweza kutunza mazungumzo kwa wiki kadhaa huku mafaili yakidumu siku chache tu. Mtumaji mwenye modemu ya polepole alichukua usiku mzima, pengine siku mbili, kupandisha faili kubwa. Mpakuaji naye akachelewa kidogo. Kipande cha mwisho kinapofika, cha kwanza kimeshafutwa. Pengo la aina hii hutambulika kwa urahisi kwa sababu liko mwanzoni na limeshikamana: vipande 1 hadi 9 havipo, kuanzia cha 10 vyote vipo. Kampuni kubwa zinazouza huduma ya Usenet leo hutunza jumbe kwa zaidi ya siku 5,000, kwa hiyo sababu hii imepungua nguvu sana kwa wanaolipia.

Ya pili ni njia. Seva inayopokea habari kutoka kwa jirani mmoja tu inategemea afya ya jirani huyo. Kiungo kikilemewa, foleni ya jumbe zinazosubiri kupelekwa inafurika, na zilizo kwenye foleni hutupwa. Mapengo yake hutawanyika bila mpango: kipande cha 4, cha 31, cha 32, cha 90. Wapo pia wasimamizi wa seva walioweka kikomo cha ukubwa wa ujumbe watakaoupokea, na hapo hutokea jambo la ajabu: vipande vyote vikubwa vinakosekana, na kilichofika ni cha mwisho peke yake, kwa sababu kilikuwa kifupi.

Ya tatu ni uharibifu safarini, na huu una madhara yasiyoonekana upesi. Ujumbe unaweza kufika ukiwa umekatwa au herufi zake zimebadilishwa. Katika NNTP nukta iliyo peke yake kwenye mstari ni ishara kwamba ujumbe umekwisha. Mstari wa kawaida unaoanza kwa nukta lazima uongezewe nukta nyingine unapopelekwa, na mpokeaji aiondoe. Programu iliyotekeleza kanuni hiyo vibaya iliacha nukta ya ziada au ikaondoa isiyopaswa, na faili likaharibika kwa baiti moja bila yeyote kujua. Kinachofanya uharibifu huu uwe mgumu kuponya ni kwamba seva hukataa ujumbe wenye kitambulisho ilichokwisha kukiona. Nakala mbovu ikitangulia kufika, nakala nzuri inayokuja nyuma yake inarudishwa mlangoni.

Hesabu inaonyesha ni kwa nini hata upotevu mdogo unaumiza. Tuseme seva inapokea jumbe 999 katika kila 1,000. Kwa msomaji wa mazungumzo hiyo ni huduma bora. Lakini uwezekano wa faili la jumbe 1,400 kufika zima kwenye seva hiyo, kama jumbe hupotea bila mpango, ni asilimia 25 hivi. Mafaili matatu kati ya manne yatakuwa na pengo. Seva ikipoteza ujumbe mmoja katika 100, uwezekano unashuka chini ya mara moja katika milioni. Hata seva inayopoteza mmoja tu katika 10,000 itaharibu faili moja kati ya nane. Kadiri mafaili yalivyokua, ndivyo kazi ya kuboresha seva ilivyozidi kukimbizana na lengo lisilofikika.

Dawa ya kwanza ilikuwa watu. Aliyekosa kipande cha saba aliandika kwenye kikundi kuomba kitumwe tena, na mtumaji mwenye moyo alikirudia. Mara nyingi alikuwa amekwisha kuondoka, au waombaji ishirini walitaka vipande ishirini tofauti kwa sababu kila mmoja alitumia seva yake yenye mapengo yake. Mtumaji aliyechoka alirudia faili zima. Mzigo wa jumbe ukaongezeka maradufu, foleni zikafurika, vipande vya watu wengine vikatupwa. Ukarimu huo uliongeza ugonjwa uleule uliokusudiwa kutibiwa.

Nafuu fulani ililetwa na RAR, programu ya kubana mafaili iliyotolewa na Mrusi Eugene Roshal mwaka 1993. RAR hukata faili kubwa katika juzuu zenye ukubwa sawa, kila juzuu likiwa faili kamili lenye namba yake ya uhakiki. Filamu ikitumwa katika juzuu 50 za megabaiti 15, pengo moja linaharibu juzuu moja, na anayesaidia anahitaji kurudia megabaiti 15 badala ya 750. Namba ya uhakiki ndiyo iliyokuwa faida kubwa zaidi, kwa maana mpakuaji aliweza kusema kwa uhakika ni juzuu lipi limeharibika.

Mwaka 2001 Mjerumani Jürgen Helbing alitoa yEnc, njia mpya ya kusimba iliyotokana na uchunguzi rahisi: kufikia wakati huo karibu kila seva ilikuwa inapitisha baiti za biti nane bila kuziharibu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuendelea kuvimbisha mafaili kwa uuencode. Katika yEnc kila baiti inaongezewa 42, na jibu likizidi 255 linaanza upya kutoka sifuri. Ni matokeo machache tu yaliyokatazwa, yale yenye maana maalumu kwa seva, kama vile sifuri na alama za kumaliza mstari. Hayo hutanguliwa na alama ya sawasawa na kugeuzwa zaidi. Uvimbe ukashuka kutoka asilimia 40 hadi asilimia chache tu. Kwa tatizo la ukamilifu, hata hivyo, jambo kuu lilikuwa jingine. Kila kipande cha yEnc hubeba ndani yake namba yake, mahali baiti zake zinapoanzia na kuishia katika faili zima, ukubwa wa faili hilo, na namba ya uhakiki ya CRC32. Programu haikulazimika tena kukisia kwa mada peke yake: kipande kilichofika kiliweza kuwekwa mahali pake hasa, na kilichoharibika kikajulikana papo hapo. Wapo waliolalamika, na kwa haki, kwamba yEnc ilipuuza viwango vilivyokuwepo na kuendeleza desturi ya kutegemea mada za jumbe. Wapakuaji hawakungoja mjadala huo uishe. Katika muda mfupi yEnc ilitawala vikundi vya mafaili.

Kujua kipande kipi hakipo bado si kukipata. Hatua hiyo ilitokana na karatasi iliyochapishwa miaka 41 kabla. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon, wakiwa katika Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, walieleza namna ya kuongeza data ya ziada kwenye ujumbe ili sehemu zilizopotea ziweze kukokotolewa upya. Njia yao ndiyo inayoiwezesha CD yenye mikwaruzo kuendelea kucheza, na ndiyo iliyo ndani ya misimbo ya QR, ikiwa ni pamoja na ile inayochapishwa chini ya risiti za mashine za kodi nchini Tanzania: karatasi ikikunjamana au doa likiziba kona, simu bado inausoma msimbo.

Wazo lenyewe linaweza kuonyeshwa kwa namba tatu. Tuseme data ni 7, 12 na 5. Mtumaji anaongeza namba ya nne, 24, ambayo ni jumla yao. Ikipotea 12, mpokeaji anaondoa 7 na 5 kutoka 24 na kuipata. Zikipotea mbili, jumla moja haitoshi, kwa hiyo mtumaji anaongeza jumla ya pili ambamo namba ya kwanza inahesabiwa mara moja, ya pili mara mbili na ya tatu mara tatu: 7, 24 na 15, jumla 46. Mpokeaji mwenye 5, 24 na 46 peke yake anajua kwamba namba mbili zilizokosekana zinajumlika kuwa 19, na kwamba ya kwanza ikiongezwa kwenye ya pili iliyozidishwa mara mbili inatoa 31. Tofauti ya 31 na 19 ni 12, na iliyobaki ni 7. Kila jumla ya ziada inaponya pengo moja, lolote lile. Hapo kwenye “lolote lile” ndipo penye nguvu ya njia hii. Mtumaji hana haja ya kujua nani amekosa nini. Waombaji ishirini wenye mapengo ishirini tofauti wanatibiwa na dawa moja.

Mwaka 2001 Tobias Rieper na Stefan Wehlus waliingiza wazo hilo Usenet kwa mfumo wa Parchive, ambao mafaili yake huishia kwa PAR. Toleo hilo la kwanza lilihesabu kwa mafaili mazima: ujumbe mmoja ukikosekana katika juzuu la RAR la megabaiti 15, juzuu zima lilihesabiwa kuwa limepotea, na kulirudisha kulihitaji faili la PAR la megabaiti 15. Howard Fukada alipendekeza toleo la pili, PAR2, ambalo vipimo vyake vilikamilishwa 2003, na ndilo linalotumika mpaka sasa. PAR2 hugawa mafaili yote katika bloku ndogo zenye ukubwa sawa, zisizozidi 32,768, kila moja ikiwa na alama zake za uhakiki. Hesabu hufanywa katika mfumo wenye namba 65,536 tu, ili jumla zisikue kuliko data zenyewe. Mpangilio wa bloku ukikaribiana na ukubwa wa jumbe, ujumbe uliopotea hugharimu bloku moja, au mbili ukiangukia kwenye mpaka. Badala ya megabaiti 15, mpakuaji anahitaji kilobaiti mia kadhaa.

PAR2 ina ustadi mwingine usiotajwa sana. Programu ya kusimbua inaporuka kipande kilichokosekana na kuunganisha vilivyobaki, kila kitu kilicho nyuma ya pengo husogea kutoka mahali pake. PAR2 hupitia faili baiti kwa baiti ikitafuta bloku kwa alama zao, na huzitambua hata zikiwa zimesogea, zimechanganywa katika mafaili yenye majina mengine, au zimo ndani ya faili lililofika nusu. Kila kilichofika kizima kinahesabiwa.

Mpangilio wa mafaili yake nao ulifikiriwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti ya gharama, na msomaji anayenunua bando kwa megabaiti ataielewa hekima hiyo upesi. Kwanza lipo faili dogo la PAR2 lisilo na data ya kuponya, bali alama za uhakiki tu. Hilo hupakuliwa, programu hukagua na kutaja idadi ya bloku zinazokosekana. Bloku za kuponya zenyewe huwekwa katika mafaili yanayokua maradufu: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Jina la kila faili hutaja idadi yake. Linaloishia kwa vol03+04 linaanza na bloku namba 3 na lina bloku 4. Aliyekosa bloku tano huchukua faili la moja na faili la nne, akaacha mengine yote.

Mfano wa seva inayopoteza ujumbe mmoja katika 100 unaonyesha ukubwa wa badiliko. Faili la jumbe 1,400 litakosa wastani wa jumbe 14, kwa hiyo bila PAR2 halitakamilika kamwe. Mtumaji akiongeza bloku za asilimia 5, yaani 70, pengo la jumbe 14 linazibwa na akiba inabaki. Megabaiti 35 za ziada zinafanya kazi ambayo seva bora mara kumi isingeifanya.

Programu za leo, kama SABnzbd na NZBGet, hufanya hatua zote hizi bila kumsumbua mtu. Huongozwa na faili la NZB, orodha inayotaja kitambulisho cha kila ujumbe unaounda faili. Mfumo huo ulianzishwa na tovuti ya Newzbin ya Uingereza, na ulimaliza kabisa kazi ya kukisia kwa mada. Umeleta pia aina mpya ya upungufu. Orodha ikitengenezwa wakati mtumaji bado anapandisha, itakosa jumbe za mwisho, na faili litaonekana pungufu ilhali seva inalo lote. Katika miaka ya karibuni watumaji wengi huficha mafaili yao kwa majina na mada zisizo na maana yoyote, kiasi kwamba asiye na NZB hana njia ya kujua jumbe zipi ni za faili gani. Jumbe zipo, lakini hazipatikani.

Majina hayo ya kificho yana sababu. Sehemu kubwa ya mafaili yanayopita alt.binaries ni filamu, muziki na programu zilizowekwa bila idhini ya wenye haki, na wenye haki hawakukaa kimya. Newzbin ilishindwa katika Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2010. Nchini Marekani, sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998 humlinda mtoa huduma anayeondoa data haramu mara anapoarifiwa, kwa hiyo kampuni za Usenet hufuta jumbe zilizotajwa kwenye notisi. Leo, kwa seva za kulipia, hii ndiyo sababu kuu ya mapengo, na haifanani na zile za zamani. Jumbe hazipotei mojamoja bila mpango. Huondolewa kwa mamia kwa pamoja, na bloku za asilimia 5 au 10 hazitoshi. Ombi la ujumbe uliofutwa hujibiwa kwa msimbo 430, uleule unaotolewa kwa ujumbe ambao haukuwahi kufika, na mpakuaji hana namna ya kutofautisha.

Kwa faili halali lenye pengo, mpangilio wa kulitafutia tiba unafuata mantiki ya mtandao. Kitambulisho cha ujumbe ni kilekile duniani kote, kwa hiyo kilichokosekana kwenye seva moja kinaweza kuombwa kwenye nyingine, na programu nyingi huruhusu seva ya pili iulizwe pale tu ya kwanza inaposhindwa. Wengi hununua kwa ajili hiyo kifurushi kidogo cha gigabaiti kisichoisha muda. Lakini kampuni nyingi za Usenet huuza upya huduma ya seva chache zilezile kubwa. Akaunti ya pili inayochota kwenye kisima kilekile itakutana na mapengo yaleyale. Kama faili limetumwa hivi punde, kusubiri saa chache kunatosha mara nyingi, kwani jumbe hufika kwa nyakati tofauti. Baada ya hapo ndipo zije bloku za PAR2.

Na hata bloku zikitosha, ukarabati unaweza kukwama. Mwongozo wa James Plank wa 1997, ambao wabunifu wa Parchive waliutegemea, ulikuwa na kosa katika namna ya kupanga milinganyo, na marekebisho yake yalitolewa 2003. PAR2 ilipunguza athari za kosa hilo bila kuliondoa, kwa hiyo mara chache hutokea mchanganyiko wa bloku ambao milinganyo yake haina jibu. Tiba yake ni kupakua bloku moja zaidi na kuiacha programu ijaribu upya kwa mchanganyiko mwingine.